Tui la Nazi Kutoka Kwenye Mbuzi Hadi Siniani: Mwongozo Kamili wa Wali, Samaki wa Kupaka na Mbaazi, Jikoni Lamu

Chakula cha nazi kikiharibika, mara nyingi hakikuharibikia chunguni. Kimeharibika mapema zaidi: sokoni, iliponunuliwa koroma badala ya nazi iliyokomaa, kwenye kifumbu (kikapu kidogo cha kusukwa cha kukamulia tui), palipomiminwa maji ya moto, au pale tui la kwanza lilipotiwa wakati chakula kinataka la pili. Viungo vya mapishi yetu ni vichache na vinajulikana na kila mtu. Kinachotofautisha sufuria moja na nyingine ni tui, na ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye tui kabla ya kuinjika chochote.

Vipimo vilivyomo humu ni vya mlo wa mchana wa watu watano au sita: wali wa nazi, samaki wa kupaka na kachumbari. Mbaazi zimewekwa mwishoni kwa ajili ya asubuhi. Kikombe ni cha mililita 250, kijiko kikubwa ni mililita 15 na kijiko cha chai ni mililita 5. Kwa wali na samaki utahitaji nazi 3 kubwa. Ukiwa na ndogo, chukua 4.

Kuchagua nazi

Nazi nyingi zinazouzwa Lamu huvushwa kutoka bara au kutoka mashamba ya visiwani, zikashushwa gatini na kubebwa na punda mpaka sokoni, ubavuni mwa Ngome. Njiani zinagongwa na zinakaa juani. Kwa hiyo usichukue ya juu juu; chagua moja moja.

Ishike mkononi. Nazi nzuri ni nzito kuliko unavyoitarajia kwa ukubwa wake. Itikise karibu na sikio: maji yasikike yakicheza. Ikiwa kimya na nyepesi, maji yametoka kupitia ufa, na ndani huenda imeshaoza, au imekauka na kuwa mbata. Mbata ina mafuta mengi, lakini tui lake ni haba na lina harufu ya mafuta yaliyokaa. Ikiwa imejaa maji hadi haichezi, na kifuu chake bado kina weupe weupe, hiyo ni koroma. Nyama yake ni laini, huteleza kwenye meno ya mbuzi ya kukunia nazi, na tui lake ni jepesi hata ulikamue vipi. Koroma ni tamu kutafuna, ila kwa wali utajuta.

Kisha tazama macho matatu ya nazi. Yawe makavu. Jicho lenye unyevu, ukungu au weusi unaobonyea kwa kidole ni mlango ambao hewa imeshapitia.

Nunua moja ya ziada. Hata mchaguzi mzoefu hukutana na iliyoharibika, na kurudi sokoni huku samaki ameshatiwa ndimu ni balaa.

Kuvunja na kukuna

Vunja nazi juu ya bakuli. Ilaze kiganjani, macho yakitazama upande, kisha ipige kwa mgongo wa panga au wa kisu kizito katikati ya tumbo, huku ukiizungusha kidogo baada ya kila pigo. Mapigo matatu au manne ya kadiri hutoa vipande viwili sawa. Pigo moja la nguvu huipasua vipande vipande, na kipande kidogo hakikuniki kwenye mbuzi bila kukukwaruza vidole.

Onja maji yake kabla ya kuchanganya nazi hii na nyingine. Yakiwa matamu, endelea. Yakiwa machachu au yanatoa povu, au nyama ikiwa na rangi ya manjano na harufu ya sabuni, itupe yote. Kipande kimoja kibovu huharibu tui la nazi zote tatu.

Kaa vizuri kwenye mbuzi, mguu mmoja huku na mwingine kule, sinia ikiwa chini ya meno. Anza kukuna ukingoni, ukizunguka, halafu shuka ndani taratibu. Anayeanza katikati hubakiwa na ukingo mgumu unaomeguka. Tumia uzito wa mikono yote miwili, usikaze kifundo cha mkono kimoja. Nazi tatu zinatosha kukitia maumivu. Ukianza kuona rangi ya kahawia, simama hapo. Ile ngozi ya ndani ya kifuu hulitia tui ukijivu na uchungu kidogo, na faida yake haifiki hata kijiko.

Kama nyumbani hamna mbuzi, bandua nyama, imenye ngozi ya kahawia, ikate vipande vidogo na uisage kwenye blenda pamoja na maji ya uvuguvugu. Usage kwa sekunde 30, pumzisha, kisha 30 nyingine. Blenda ikizunguka dakika tatu mfululizo hupasha moto nazi na kuyatenga mafuta, nawe utapata tui lenye chembe chembe juu. Nazi iliyokunwa kwa mbuzi bado hutoa tui lenye ladha safi zaidi, na kwa nazi tatu kazi yenyewe haizidi nusu saa.

Kukamua: tui la kwanza, la pili na la tatu

Maji yawe ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo nazi iliyotoka kwenye friji na kukamuliwa kwa maji baridi huacha mafuta yake kwenye machicha. Maji yanayochemka nayo yana hasara yake: huivisha protini ambayo kazi yake ni kuyashikilia mafuta na maji pamoja. Tui la namna hiyo hutoka likiwa limeshaanza kuharibika, hata kabla ya kuonja moto wa seredani, jiko la makaa.

Tui la kwanza. Tia nazi iliyokunwa yote kwenye bakuli pana, mwagia kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu, kisha ifinye kwa vidole kwa dakika tatu au nne, kama anayefikicha unga na samli. Iache ikae dakika tano. Itie kwenye kifumbu au kitambaa safi cha pamba, isongonyoe, uikamue hadi tone la mwisho. Utapata vikombe viwili na robo hivi, zito, jeupe pe. Hili ndilo kasimele. Liweke kando, lifunike, na usilichanganye na mengine.

Tui la pili. Rudisha machicha bakulini, tia vikombe vitatu vya maji ya uvuguvugu, finya tena, kamua.

Tui la tatu. Vikombe viwili vya maji. Hili ni jepesi sana, karibu maji, lakini lina ladha kuliko maji ya bomba. Changanya la tatu na la pili: jumla iwe vikombe vitano kasoro kidogo. Kuanzia hapa tunaliita tui jepesi.

Chuja yote kwa chujio lenye matundu madogo. Chembe za machicha zilizobaki hushika chini ya sufuria na kuungua kabla ya kitu kingine chochote.

Machicha yapelekee kuku, yakiwa peke yake au pamoja na pumba, siku hiyo hiyo, maana kesho yatakuwa yamechacha. Vifuu vianike: vikikauka huwaka kwa moto mkali na safi, na vitafaa sana tukifika kwa samaki.

Kwa nini tui hukatika

Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini kidogo. Chochote kinachoivunja ile protini huyaacha mafuta yakimbiliane juu, na maji yabaki chini yakiwa na vipande vipande kama maziwa yaliyoganda. Hapo ndipo mpishi husema tui limekatika.

Linalolikata kwanza ni moto mkali na utulivu. Tui likiachwa lichemke bila kukorogwa, sehemu ya chini hupata joto kali huku ya juu ikiwa bado baridi. Koroga kuanzia linapoingia jikoni hadi linapochemka. Njia bora ni ya upawa: unateka kutoka chini, unainua, unamimina juu, mfululizo. Wengi hufundishwa kukoroga upande mmoja tu. Haidhuru, lakini cha muhimu ni lisitulie. Likishachemka na kushikana, unaweza kupunguza mkono.

La pili ni uchachu. Ndimu, ukwaju, embe mbichi na nyanya zote hulikata, hasa zikitiwa ghafla kwenye kasimele linalochemka. Dawa yake ni utaratibu: uchachu uingie mapema, kwenye tui jepesi, uive humo, kisha kasimele lifuate mwisho kwa moto mdogo. Ukitaka ukali wa ndimu mbichi, ikamue sahanini, chakula kikiwa kimeshaepuliwa.

La tatu ni kifuniko. Mchuzi wa nazi uliofunikwa huchemka kwa nguvu bila wewe kuuona. Uache wazi.

Likikatika, usilimwage. Epua, tia vijiko viwili vikubwa vya kasimele baridi ulilobakiza, piga kwa nguvu kwa mchapo au uma kwa dakika moja. Halitarudi kama lilivyokuwa, ila litashikana vya kutosha kwa mchuzi. Kwa wali, halina tatizo kubwa: mafuta yataingia kwenye mchele. Na mchuzi unaotoa matone machache ya mafuta juu baada ya kuiva haujakatika, umekomaa tu.

Mpango wa asubuhi

Kwa chakula cha baada ya adhuhuri, anza saa nne na nusu. Kwanza rowesha ukwaju na usafishe samaki. Kisha ukune na kukamua nazi. Saa tano na nusu rowesha mchele. Saa sita mtie samaki viungo, washa makaa, injika wali, halafu mchuzi wa kupaka. Samaki aingie motoni wali ukiwa umeshapaliwa. Samaki wa kupaka hangojei; wali unaweza kungoja nusu saa bila kuharibika.

Wali wa nazi

Mchele vikombe 3 (gramu 600 hivi), tui jepesi vikombe 3 na robo tatu, kasimele robo tatu ya kikombe, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai. Basi. Iliki na mdalasini si dhambi, lakini wali wenye mchuzi mzito wa viungo pembeni hauhitaji harufu ya tatu.

Vipimo hivi ni vya pishori au basmati iliyoroweshwa dakika 30. Mchele mgumu zaidi, kama sindano, unataka tui jepesi liongezwe kikombe kimoja hadi kimoja na nusu. Ukikosa tui, ongeza maji. Mchele mpya wa mavuno hunywa kidogo, wa zamani hunywa sana. Ukinunua gunia jipya, pika kikombe kimoja kwanza ujue tabia yake.

Chagua mchele, uoshe mara tatu au hadi maji yaache weupe, uroweshe, kisha uchuje kabisa. Maji yanayobaki kwenye mchele ni sehemu ya kipimo, nayo ndiyo chanzo cha bokoboko nyingi.

Tia tui jepesi na chumvi kwenye sufuria nzito, injika, koroga hadi lichemke. Onja: liwe na chumvi kidogo kuliko unavyopenda mchuzi, kwa kuwa samaki anakuja na yake. Kama maji ya nyumbani ni ya kisima chenye chumvi, anza na kijiko kimoja tu. Mimina mchele, koroga mara moja usishikane, uache uchemke wazi kwa moto wa kati. Baada ya dakika nane hadi kumi utaona matundu juu ya wali na tui likiwa limeshuka usawa wa punje. Huo ndio wakati wa kasimele. Lizungushie juu kote, pitisha mwiko kutoka chini kwenda juu mara moja au mbili kwa upole, sawazisha.

Sasa palia. Toa makaa mengi chini, bakisha machache, funika kwa kifuniko cha bati kinachobana, weka makaa sita au saba juu yake. Dakika 15 hadi 20. Kwa gesi, weka tawa la chapati chini ya sufuria, moto wa chini kabisa, na kitambaa safi kati ya sufuria na kifuniko kinywe mvuke. Kunja ncha zake juu zisiguse moto. Epua, usifunue kwa dakika kumi, ndipo upakue ukichambua kwa uma.

Wali ukitoka bokoboko, tui lilizidi au uliukoroga sana ulipokuwa unaiva. Punje iliyolowa ikikorogwa huvunjika na kutoa uji. Ukiwa na kiini, nyunyizia robo kikombe cha maji ya moto, si ya baridi, urudishe moto mdogo kwa dakika kumi. Ukiungua chini, usichimbe. Hamishia sehemu ya juu kwenye chombo kingine mara moja, weka kipande cha mkate juu kwa dakika tano kinyonye harufu. Ukoko wa rangi ya dhahabu, hata hivyo, ni haki ya watoto, usiutupe.

Samaki wa kupaka

Anza na msimu. Wakati wa upepo wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari huchafuka na mashua nyingi hazitoki nje ya mwamba, hivyo samaki wakubwa hupungua na bei hupanda. Kaskazi ikiingia, mwishoni mwa mwaka, bahari hutulia na uchaguzi huwa mpana. Kwa kupaka, changu ndiye tunayempendekeza kwanza: nyama yake nyeupe inashikana, haimeguki kwenye wavu. Tewa anafaa pia, na tafi ana ladha nzuri sana. Ila miiba ya tafi ina sumu inayouma kwa masaa, hata akiwa ameshakufa. Kata mapezi yote kwa mkasi kabla ya kumshika.

Samaki mzima mbichi ana macho yaliyojaa na kung'aa, matamvua mekundu, na ukimbonyeza nyama hurudi. Harufu iwe ya bahari. Jihadhari sana na jodari na nguru waliokaa juani: nyama yao ikipata joto baada ya kuvuliwa hujenga sumu ambayo moto hauiondoi. Ukimwonja samaki akachoma ulimi kama pilipili ilhali hukutia pilipili, acha kula hapo hapo. Kwa wavuvi na wachuuzi, barafu tangu chomboni ndiyo kinga.

Chukua changu wawili wa nusu kilo hadi robo tatu kila mmoja. Waparue magamba, toa matumbo na matamvua, kisha wapasue mgongoni, kutoka kichwani hadi mkiani, wafunguke kama kitabu huku tumbo likiwa limeshikana. Chanja nyama kidogo sehemu nene.

Twanga pamoja kitunguu thomu punje 6, tangawizi ya urefu wa kidole gumba, pilipili mbichi 2 na chumvi kijiko kimoja cha chai. Kamulia ndimu mbili, mpake samaki kila upande. Dakika 30 zinatosha, 45 ndiyo mwisho. Ndimu ikikaa zaidi huivisha nyama, nayo ikifika motoni hukauka na kuwa unga unga.

Mchuzi wa kupaka. Zikune nyanya mbili zilizoiva (tungule, kama zinavyoitwa na wengi pwani). Tia kijiko kikubwa cha mafuta sufuriani, kaanga punje 3 za thomu zilizotwangwa kwa nusu dakika, tia nyanya, zikauke hadi mafuta yaonekane pembeni. Ongeza nusu kijiko cha chai cha manjano na nusu ya bizari nyembamba iliyosagwa, zungusha kidogo. Manjano yasiyokaangwa hubaki na ladha ya udongo. Tia kikombe kimoja cha tui jepesi, vijiko viwili vikubwa vya maji mazito ya ukwaju na chumvi nusu kijiko cha chai. Uchemke wazi dakika nane hadi kumi, upungue nusu. Punguza moto, mimina kasimele lililobaki, kikombe kimoja na nusu, huku ukiteka na kumimina bila kusimama. Dakika kumi hadi kumi na mbili baadaye litashika mgongo wa mwiko. Ukipitisha kidole, njia inabaki. Likiwa jepesi kuliko hivyo litachuruzika lote motoni.

Makaa yawe yameshavaa jivu jeupe. Vifuu vilivyokauka ukivichanganya na makaa, vingoje viache moto wa ndimi kwanza. Shika kiganja juu ya wavu, umbali wa shubiri: ukiweza kuhesabu hadi tano bila kukitoa, moto uko sawa. Ukiishia mbili, atababuka nje na kubaki mbichi mfupani.

Pangusa samaki unyevu, paka wavu mafuta ukiwa umeshapata moto, mlaze upande wa nyama kwanza kwa dakika nne au tano. Usimguse. Nyama inayong'ang'ania wavu bado haijawa tayari kugeuzwa. Ikishika rangi itajiachia yenyewe. Mgeuze ngozi iwe chini, na hapo hatageuzwa tena. Sogeza makaa pembeni ili matone ya tui yasidondokee moto na kuleta moshi mchungu. Mpake mchuzi kwa kijiko, ngoja dakika mbili au tatu ukauke, mpake tena, kisha mara ya tatu. Jumla ya dakika kumi upande wa ngozi humtosha changu wa kimo hiki. Chomeka ncha ya kisu karibu na uti wa mgongo: nyama iwe nyeupe yote na iachane na mfupa. Mpakue, mwagia mchuzi uliobaki, na ndimu mbichi pembeni.

Asiye na makaa anaweza kutumia oveni, moto wa juu, nyuzi 220, kwa muda uleule. Atakosa moshi wa vifuu, lakini mchuzi utakuwa ule ule.

Mbaazi za asubuhi

Rowesha vikombe viwili vya mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji hayo, zichemshe kwa maji mapya kwa saa moja hadi moja na nusu. Maji ya visima vyenye chumvi huzifanya zikatae kulainika. Tumia ya mvua au ya jabia (tangi la kuhifadhia maji ya mvua) ukiyapata. Ukwaju na nyanya visiguse mbaazi kabla hazijaiva, vinazikaza. Zikishalainika, chuja, tia vikombe viwili vya tui jepesi, kitunguu maji kimoja kilichokatwa, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa na chumvi. Zichemke dakika 15, ponda chache kwa mwiko mchuzi ushikane, malizia na kikombe cha kasimele kwa dakika tano. Nazi moja kubwa na nusu inatosha. Kwa mahamri au mkate wa mofa.

Kula nazi na kubaki na afya

Nazi ni chakula kizito. Gramu 100 za nyama yake zina takriban gramu 33 za mafuta, na sehemu kubwa ni mafuta yale yanayoganda. Hatusemi uiache, tunasema uijue. Ndiyo maana vipimo hapo juu vinatumia robo tatu tu ya kikombe cha kasimele kwa wali wa watu sita. Wali uliojaa tui zito tangu mwanzo hauwi mtamu zaidi, huwa mzito tumboni na hukufanya ulale alasiri nzima.

Panga mlo hivi: chakula kimoja tu chenye kasimele jingi. Samaki akiwa wa kupaka, mboga iwe mchicha wa kukaanga kwa kijiko cha mafuta, usiwe wa nazi. Mwezi wa Ramadhani ndipo tunapopotea zaidi, maana futari moja huweza kuwa na muhogo wa nazi, ndizi za nazi na mbaazi za nazi kwa pamoja. Chagua kimoja, vingine vichemshwe tu.

Chumvi nayo itazame. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyake vyote. Vipimo vyetu vya wali, samaki na mchuzi ni vijiko vitatu kwa watu sita, nusu kijiko kwa kila mtu, kwa hiyo mlo huu peke yake umeshachukua nusu ya siku. Kachumbari isitiwe chumvi; ndimu na pilipili zinatosha. Vile vipande vya mchuzi vya dukani viache kabisa, ni chumvi kwa wingi wake. Mwenye presha apunguze hivyo vijiko vitatu viwe viwili, nyumba nzima izoee. Mwenye kisukari ajipakulie kikombe kimoja cha wali, ajaze nafasi kwa mboga na samaki, na afuate alivyoelekezwa na daktari wake.

Mnaokula sinia moja, mkubwa wa sinia ndiye anayeamua kiasi bila kusema neno: wali usambazwe mwembamba, samaki wagawanywe sawa kabla ya bismillahi, mboga iwe katikati ambapo kila mkono unafika. Birika na beseni ya kunawia visogezwe kwanza, na sabuni. Na sahani ya jirani ipakuliwe mwanzo, chakula kikiwa kizima, isiwe masalio.

Kuhifadhi, na usafi wa vyombo

Kwa joto la Lamu, tui bichi lisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji hudumu siku moja, mbili likiwa limechemshwa. Likigandishwa kwa vikombe vidogo hukaa mwezi, ila likiyeyuka hutengana. Litumie kwa mchuzi, likorogwe sana, usilitarajie kwa kupaka.

Wali wa nazi uliobaki utandaze kwenye sinia upoe haraka, utie kwenye friji ndani ya saa mbili, uliwe kesho yake ukiwa umepashwa moto hadi utoe mvuke. Wali uliolala nje usiku hauokolewi kwa kupashwa, kwa sababu vijidudu vyake huacha sumu inayostahimili moto. Ukivuta nyuzi au ukinusa uchachu, umeshaondoka.

Kifumbu kioshwe hapo hapo kwa maji ya moto, kikifikichwa ndani na nje, bila sabuni yenye manukato kwa kuwa ukili hunyonya harufu na kuirudisha kwenye tui la kesho. Kianike juani hadi kikauke kabisa. Kikiwekwa na unyevu huota ukungu mweusi, na hapo ununue kingine. Meno ya mbuzi yasuguliwe kwa brashi, yapanguswe, yapakwe tone la mafuta ya nazi yasishike kutu, kisha mbuzi ikunjwe na meno yatazamane na ukuta, watoto wasiyafikie.